Boti ya maji ya goti: kabla hujanunua mashine ya HP 15 kwa ajili ya mbugani, soma hapa

Mpiga Upondo (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Kila masika swali la mashine ya boti linarudi humu, na wengi wanaolijibu ni watu wa ziwani na baharini, ambako maji ni mengi chini ya boti muda wote. Sisi wa mbugani, yaani kwenye uwanda unaofurika, hali yetu ni nyingine. Leo nimepata nafasi, nimekaa niandike yote niliyojifunza kuhusu kupitisha boti kwenye maji ya goti, tope chini na nyasi juu. Ni marefu, mnivumilie.

Mimi niko bonde la Kilombero, upande wa Ifakara. Kwa asiyelijua, ni uwanda mpana wa mafuriko uliozungukwa na milima, na tangu 2002 umo kwenye orodha ya Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu. Mvua zikianza Novemba maji yanapanda taratibu, Machi na Aprili mto unavunja kingo na kusambaa mbugani. Ikifika Septemba au Oktoba unapita na bodaboda palepale ulipopita na boti. Tangu daraja la Magufuli lifunguliwe 2018, kuvuka mto wenyewe si shida tena. Shida imebaki ndani ya mbuga: kambi za wavuvi, na mashamba ambayo Mei mpunga umeiva na maji bado yamesimama. Huko ndiko ninakofanya kazi. Nabeba mpunga, samaki, na watu.

Nilianza kama wengi, na mashine ya kawaida ya kufunga tezini (nyuma ya boti), HP 15 (nguvu ya farasi 15), tustroki (ile ya kuchanganya oili kwenye petroli), imetumika. Mashine nzuri sana, sitaki mtu aniambie naichafua. Mtoni ilikuwa inapaa. Lakini kila nilipoacha mto mkubwa kuingia mbugani nilikuwa nakula hasara.

Kila mnunuzi anaanza na swali la HP ngapi. Anza na hili: mashine yako inapoozwa na nini? Hizi za kawaida zinavuta maji yaleyale unayopita. Pale chini, juu kidogo ya propela, kuna vitundu vya kuvutia maji. Ndani yake kuna impela ya raba inayoyasukuma mpaka kwenye silinda, yanazunguka, yanatoka nyuma kama mkojo. Wote mnajua: mashine ikikojoa vizuri, nahodha ana amani. Sasa weka maji ya Kilombero mwezi wa nne badala ya maji ya ziwa. Yale si maji, ni uji wa udongo, mchanga na mizizi. Mchanga unaisaga ile raba kama msasa, nyasi zinaziba vile vitundu, na ukigusa chini unafyonza tope lenyewe.

Siku iliyonifundisha nilikuwa na magunia tisa ya mpunga na abiria wanne, mmoja wao mama mwenye mtoto mgongoni. Tulibakiza kama kilomita mbili kuufikia mto. Nikageuka kutazama mkojo: umekuwa mwembamba kama uzi, mara matone, mara hakuna. Mkono wangu haujafika kwenye swichi, nikasikia harufu ya rangi inayoungua, ikafuata sauti kama kijiko kinachokwangua sufuria, halafu kimya. Tulisukuma kwa upondo tangu alasiri mpaka giza, mbu wametujaa, yule mtoto analia. Fundi alipofungua mguu wa mashine kesho yake, vile vitundu vilikuwa vimesiribwa kama ukuta wa nyumba ya udongo. Impela mabawa mengine yalikuwa yamekatika, yaliyobaki yamejikunja kama sikio la mbwa. Pistoni ilikuwa imeng'ang'ania kwenye silinda. Na hiyo ilikuwa impela yangu ya tatu msimu ule.

Jambo la pili ni kina, na hapa nawaomba mchukue futi kamba mpime wenyewe msiamini maneno. Mashine ya shafti fupi, yaani mguu mfupi (inchi 15, kama sentimita 38), ukiifunga sawasawa, lile bati pana la juu ya propela linakuwa usawa wa tumbo la boti. Chini ya bati kuna propela na lile pezi lake, sentimita 25 hivi, wakati mwingine zaidi. Kwa hiyo boti iliyozama sentimita 20 inadai karibu nusu mita ya maji kabla haijagusa. Ndiyo, unaweza kuinua mashine nusu, ile nafasi ya maji mafupi. Lakini ukiinua, propela inakula hewa na vitundu vya maji navyo vinakaribia juu, unarudi kulekule kwenye kuungua. Mimi nilikuwa na kosa juu ya kosa: aliyeniuzia alinipa shafti ndefu, inchi 20, nami sikujua tofauti. Sentimita 12 na ushee za bure chini ya boti, msimu mzima. Ukienda kununua, hilo liulize kabla hujauliza bei.

Baada ya hapo nikahamia kwenye mkia mrefu.

Wengine mmeuona: injini ndogo ya petroli inayopozwa kwa upepo, ileile ya pampu za kumwagilia na mashine ndogo za kusaga, imefungwa juu ya egemeo tezini, nyuma yake bomba refu la mita moja na nusu hadi mbili lenye shafti ndani, na propela ndogo mwishoni. Watu wa Thailand wamezitumia kwenye mito na mifereji yao miaka mingi, kwao ni kitu cha kawaida kama bodaboda kwetu. Injini inakaa juu, kavu, haivuti tone la maji. Ikipita kwenye tope, kinachoguswa na tope ni bomba na propela, basi. Na kwa kuwa bomba linalala karibu usawa wa maji, propela unaizamisha kiasi unachotaka kwa mkono. Kigogo kinakuja, unakandamiza mkono, mkia unanyanyuka, unapita, unaurudisha.

Ila kabla hamjakimbilia fundi, nawasihi mtazame boti kwanza. Hapa ndipo pesa nyingi inapookolewa na hakuna anayelizungumzia. Chukua boti ya chini bapa, urefu mita 5 na upana mita 1. Kila kilo 50 unazopakia inazama sentimita 1, hesabu ya darasa la saba hiyo. Magunia kumi ya kilo 80 ni sentimita 16. Ongeza boti yenyewe, watu, mafuta na mashine, tuseme kilo 400, ni sentimita 8. Jumla 24. Sasa boti ya mita 6 kwa 1.4, mzigo uleule: kila sentimita inabeba kilo 84, jumla inazama kama 14. Umepata sentimita 10 bila kugusa mashine. Ni makadirio, maana omo (mbele ya boti) imechongoka, lakini hayako mbali. Mtumbwi wa mti mmoja, wa tumbo la mviringo, unazama zaidi ya hapo na unayumba. Mimi niliuza mtumbwi nikajengewa boti ya mbao ya chini bapa, mkuku (ule uti wa chini) hakuna kabisa, omo imeinuliwa ili ipande juu ya nyasi badala ya kuzichoma. Ile boti ilinisaidia kuliko injini.

Kuhusu nguvu, natumia injini ya HP 6.5, cc 196. Nikiwa na mzigo natembea mwendo wa baiskeli ya mtu asiye na haraka. Kwa moto wa kutosha inakula lita moja na nusu hadi mbili kwa saa. Ile HP 15 ya tustroki nikiifungulia moto wote ilikuwa inamaliza lita 6 na zaidi kwa saa, na oili ya kuchanganya juu yake. Wenye boti kubwa wanafunga HP 13, cc 389, ila injini peke yake inakaribia kilo 31, na mkia wake unataka mtu mwenye mabega.

Ubaya wake nao niuseme. Kelele ni kubwa, jioni masikio yanavuma. Rivasi hakuna, ukikosea kufika gatini unagonga. Propela inavuta mkia upande mmoja saa zote, mkono unachoka, hasa wiki ya kwanza. Mtoni penye mkondo mkali wa Aprili, mashine ya kawaida inaushinda mbali. Na propela iko wazi mita mbili nyuma ya boti, ukigeuza bila kutazama unaweza kumkata mtu aliye kwenye mtumbwi wa jirani. Hilo la mwisho ndilo linalonitia hofu kuliko yote.

Naomba kuwasilisha. Wajuvi ongezeni, na mwenye swali aulize.

Mkulima wa Malinyi

Mkuu ubarikiwe, umenigusa. Mimi nina injini ya pampu, hiyohiyo 6.5, masika inakaa stoo tu kwa sababu sina haja ya kumwagilia. Naweza kuifunga mkia nikabebea mpunga, kiangazi nikairudisha kwenye pampu? Mzigo wangu magunia sita hivi.

Mpiga Upondo

Mkulima, inawezekana, ila itazame shafti yake kwanza. Injini nyingi zinazouzwa zimeshaunganishwa na pampu, shafti yake ni fupi na ina nyuzi kama bolti, kwa sababu ile feni ya pampu inafungwa kwa kuzungusha. Mkia unataka shafti iliyonyooka, laini, yenye mfereji wa kii (kile kipande cha chuma kinachozuia shafti isiteleze). Fungua pampu utazame. Ukikuta nyuzi, usimruhusu mtu akuchomelee kitu juu yake, utaharibu vyote viwili. Kama unaweza, nunua injini ya pili yenye shafti ya kii, kisha hiyo ya pampu ibaki akiba ya vipuri: kabureta, plagi, kamba ya kuwashia, koili, vyote vinaingiliana.

Jambo la pili, usichukue propela ya autibodi, yaani ya mashine ya kawaida, ukaifunga kwenye mkia. Ukisimama nyuma ukatazama shafti ya hizi injini ndogo, inazunguka kinyume cha saa. Propela za kawaida zimekatwa kwa mzunguko wa saa. Mimi niliifunga, nikawasha mbele ya watu gatini, boti ikanirudia nyuma mpaka ikapanda ukingo. Tafuta propela ya mkono wa kushoto, au fundi akukatie ya bati nene. Kwa injini yako inchi 7 hadi 8 inatosha. Ukiweka kubwa, injini inalemewa, inatoa moshi mweusi na haifikii mzunguko wake.

Fundi wa Kibaoni

Mimi nachomelea na kukereza hapa Ifakara, mikia nimetengeneza kadhaa na nimeharibu kadhaa, kwa hiyo naongea kwa uchungu.

Kinachoua mkia ni maji kuingia kwenye bomba. Shafti inakaa kwenye bushi (vishikio inamozungukia), kati yake kuna grisi, na mwishoni kuna sili ya kuzuia maji. Tope likipita sili, siku tatu tu bushi zimekwisha na shafti inaanza kupiga ndani ya bomba. Utasikia mtetemo kwenye mkono. Ukiusikia usiendelee. Dawa yake si ghali: weka vinipo viwili vya grisi, kimoja karibu na injini na kingine karibu na propela, na kila jioni ukimaliza kazi pampu grisi mpaka ile ya zamani itoke nyuma. Itatoka ya kijivu na chembe za mchanga. Pampu tena mpaka itoke safi. Grisi inayotoka ndiyo inayofukuza maji, kwa hiyo usiionee huruma.

Pili, propela inaposukuma boti, na yenyewe inaisukuma shafti mbele kuelekea injini. Ule msukumo ukiuacha uende kwenye kranki (shafti ya ndani) ya injini, beringi za injini haziwezi, hazikutengenezwa kwa kazi hiyo. Lazima kuwe na beringi ya kubeba msukumo kwenye kichwa cha mkia, kabla ya injini. Wateja wengi wanaiona ni gharama ya bure kwa sababu haionekani. Baada ya miezi miwili wanarudi injini inavuja oili mbele.

Tatu, bomba lazima liwe limenyooka. Usitumie bomba la maji lililolala juani kiwandani. Lilaze kwenye meza ya kukerezea, lizungushe, utaona linavyocheza.

Mpiga Upondo

Fundi hapo kwenye beringi ya msukumo umenena. Wangu wa kwanza haukuwa nayo, na kweli oili ilianza kuvuja kwenye sili ya kranki. Nilidhani ni injini mbovu.

Niongeze la oili. Hizi injini hazina pampu ya oili, zinarusha tu oili ndani kwa kijiko kidogo. Ukiiinamisha sana, oili inakimbilia upande mmoja na kranki inabaki kavu. Ile HP 6.5 inabeba lita 0.6 tu. Kwa hiyo egemeo lipimwe hivi: propela ikiwa kwenye maji na boti ina mzigo wa kawaida, injini iwe imelala sawa, au karibu sawa. Ukiinua mkia kupita kigogo ni sekunde chache, haidhuru. Ila kuna vijana wanainua juu wakasimama hivyo wakiongea na mtu dakika tano huku injini inanguruma. Zima.

Mwana wa Delta

Mkuu uzi mzuri, ila naomba nipinge kidogo kwa sababu naona vijana watasoma na kudhani mkia mrefu ni wa kila mahali.

Mimi ni wa delta ya Rufiji, maji yenu ya Kilombero ndiyo hayohayo yanayotufikia. Na sisi tuna tope, na maji mafupi, lakini sisi tuna kitu kinaitwa maji kujaa na kupwa. Mfereji ambao saa mbili asubuhi ni tope tupu, saa nane mchana una maji ya kumzidi mtu kimo. Nahodha wa huku anajua tarehe za bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) na maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo) kuliko anavyojua siku za wiki. Tukiona kina hakitoshi tunasubiri, hatung'ang'anii. Na safari zetu nyingine zinatoka nje ya mikoko, Nyamisati kwenda Mafia ni bahari, kuna mawimbi. Peleka mkia mrefu wa HP 6.5 pale kusi inavuma uone. Injini iliyo wazi, maji ya chumvi yanairukia, kabureta na kamba zinaoza. Sisi HP 40 ya tustroki ndiyo mkombozi, na impela tunabadilisha kila baada ya miezi michache kama desturi, hatungoji ife. Na kila tukirudi tunaiwasha kwenye pipa la maji baridi ioshe chumvi na tope. Hilo la pipa nadhani hata nyinyi lingewasaidia.

Mpiga Upondo

Mwana wa Delta, nakubaliana nawe yote. Kwa kweli la pipa sikuwa nalifanya, na lingeniokolea impela mbili kati ya zile tatu. Mashine yako ukiijua na maji yako yakipwa yanajaa tena baada ya kama saa sita, huna sababu ya mkia. Sisi maji yakishuka ndiyo yameshuka mpaka mwakani, huwezi kumwambia mwenye mpunga asubiri.

Ndiyo maana ile HP 15 sikuiuza. Niliitengeneza, nimeifunga kwenye mtumbwi mkubwa wa mtoni. Abiria wa mtoni wanapanda ule, wa mbugani wanapanda boti bapa ya mkia. Mwenye pesa ya mashine moja tu ajiulize safari yake nyingi iko wapi, na ajibu kwa ukweli, maana wengi tunanunua mashine ya siku ile nzuri ya maji mengi.

Nansio Kwetu

Huku Ukerewe tatizo letu ni magugu maji. Mwalo unaweza kulala safi ukaamka umefunikwa kijani. Mkia unafaa?

Mpiga Upondo

Kwa magugu maji siupendi, mkuu. Yale yanaelea juu na mizizi yake inaning'inia chini, na propela ya mkia inafanya kazi hapohapo karibu na uso wa maji. Itayakata kidogo, halafu itayasokota mpaka isimame. Faida ni kwamba unauingiza mkia ndani ya boti unayakata kwa kisu ukiwa umekaa. Lakini chini yenu kuna maji ya kutosha, hamna shida ya kina. Baki na mashine yako, fungua njia kwa upondo, ukishapita ndiyo uwashe. Na kila ukipita tazama mkojo.

Mbongo wa Lafayette

Salamu kutoka Louisiana, Marekani, wakuu. Nimefurahi kukuta mada hii humu, maana ninapoishi ndiyo habari ya mjini kila msimu wa kuwinda bata. Kusini ya jimbo hili ni vinamasi kila upande, bonde la Atchafalaya peke yake huwezi kulimaliza kwa siku. Hapa mikia wanatengeneza viwandani. Kampuni ya Go-Devil, ya Baton Rouge, ilianza 1977 na mkia mrefu wa aina hiyohiyo mnayoizungumza, injini ya kupozwa kwa upepo na shafti ndefu. Baadaye wakaja na mkia mfupi: injini kubwa ya silinda mbili, HP 23 mpaka 35 na zaidi, inazungusha propela kwa mkanda, na propela inakaa nyuma tu ya boti, nusu iko nje ya maji. Ile inapita kwenye tope zito ambalo mtu akishuka linamfika kiunoni. Nimepanda mara mbili na rafiki, ni kitu cha kushangaza.

Lakini kwa kazi yenu siishauri. Ni nzito, bei yake hapa tu ni mshahara wa miezi kadhaa, na inakula mafuta. Hawa wanaipenda kwa sababu wanawahi maficho kabla ya alfajiri na boti ya aluminiamu isiyo na mzigo. Wewe una magunia kumi na huna haraka hiyo. Ila kuna kitu cha kuiga: propela zao za tope zina kingo zilizopinda kwenda nyuma, ili nyasi iteleze itoke badala ya kujisokota. Fundi wa Kibaoni nadhani unaweza kuikata hivyo.

Fundi wa Kibaoni

Naweza. Nitajaribu kwa bati la milimita 5, nitaleta picha.

Mkulima wa Malinyi

Nimerudi wakuu. Nimefungua pampu, kweli ni nyuzi. Kwa hiyo nakusanya ya injini ya pili. Swali: kuna jamaa ananishauri ile ya jeti, isiyo na propela kabisa, anasema hakuna cha kugusa chini.

Mpiga Upondo

Jeti inafaa mto wa mawe na maji safi. Inapoteza karibu theluthi ya nguvu ya injini, na inavuta maji kupitia kichujio chini ya boti. Kwenye nyasi zetu kile kichujio kinaziba ndani ya dakika chache, na kukizibua unapaswa kushuka majini. Sasa wewe ni mtu wa Malinyi, unajua majini kuna nani.

Na kwa hilo niseme kitu ambacho kwangu ndicho kilichoamua, kuliko mafuta na kuliko kina. Nilipokuwa na mashine ya kawaida, kila mara nyasi zikisokota kwenye propela nilikuwa nainua mashine, nainama nje ya tezi na kichwa chini, mikono miwili ndani ya maji ambayo sioni kilichomo, nakata kwa kisu. Wakati mwingine haifikiki, nashuka. Mamba wa huku sote tunawajua. Sasa nikisikia injini inalemewa, nazima, nauzungusha mkia mzima mpaka propela inalala juu ya mapaja yangu ndani ya boti, nakata nyasi, naurudisha. Msimu mzima uliopita sijatia mguu majini kwa sababu ya propela.

Kuhusu viboko, kelele ya mkia inawafikia mapema na wengi wanahama njia, lakini usitegemee hilo. Penye kichaka cha matete kilichopinda, punguza moto, pitia upande wa maji mafupi, na usiwakate njia ya kwenda kwenye kina. Mchana wanataka kina, ukiwa katikati yao na kina ndiyo wanakuja.

Mkulima wa Malinyi

Nimekuelewa mkuu. Basi HP 6.5 ya kii, na boti bapa. Upana 1.4 fundi wangu anasema ni mkubwa sana, anataka 1.1.

Mpiga Upondo

Usikubali 1.1. Mwambie mbao ya chini aiweke 1.2 kwa uchache kabisa, na ubavu autanue kidogo kwenda juu. Tezi aifanye ya mbao mbili zilizolaliana, maana mkia unatikisa kuliko mashine ya kawaida, na bolti za egemeo zitoboe pande zote mbili na bati nyuma yake. Akimaliza, weka alama ya misumari ubavuni kila sentimita 5 kuanzia chini ya boti, uitie majini ikiwa tupu. Halafu pakia gunia moja moja ukisoma. Ukifika alama ya 15 na bado una nafasi ya gunia, acha hilo gunia ukingoni, lirudie safari ya pili.